Maswali ya Wasomaji: Hivi Hii The Tarbolton Imetokea Wapi, na Mbona Wote Wanaipiga Vilevile?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu muziki wa asili wa Ayalandi, nikataja rili (aina ya muziki wa dansi wa kule) inayoitwa The Tarbolton kama mfano, basi maswali yakamiminika. Mengine yalifanana nikayaunganisha, mengine nimeyafupisha maana mtu anaandika ukurasa mzima kabla hajauliza. Twende.

Swali: Nimesikiliza wapiga fidla watatu tofauti mtandaoni, mmoja mzee, mmoja binti mdogo, mwingine anapiga na bendi. Wote wakimaliza The Tarbolton wanaingia The Longford Collector halafu The Sailor's Bonnet. Mpangilio uleule! Waliambizana?

Ndiyo, waliambizana kwa namna fulani, ila aliyewaambia alishakufa mwaka 1945. Anaitwa Michael Coleman. Alizaliwa 1891 Killavil, kaunti ya Sligo, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, baba yake mpiga filimbi, nyumba yenyewe watu wakija jioni ni muziki tu. Mwaka 1914 akapanda meli kwenda Marekani kama vijana wengi wa kule walivyokuwa wanafanya, akazunguka kwenye majukwaa ya maonyesho, huku ananengua miguu huku anapiga fidla, halafu akatulia New York. Kuanzia 1921 akaanza kurekodi santuri, na mpaka anafika katikati ya miaka ya 1930 alikuwa kashaacha nyimbo kama 80 hivi kwa kampuni mbalimbali.

Sasa mwaka 1934 ndo akarekodi huo mfululizo unaouulizia, kwa kampuni ya Decca, upande mmoja wa santuri: The Tarbolton, The Longford Collector, The Sailor's Bonnet, moja inaingia kwenye nyingine bila kupumua. Na toka hapo ikawa kama sheria. Ukikaa kwenye kikao cha wapigaji leo, iwe Dublin, iwe Boston, mtu akianzisha Tarbolton hakuna anayeuliza inayofuata ni ipi, mikono inahama yenyewe. Hizo rili tatu kabla ya hapo hazikuwa ndugu wala nini, kila moja ilikuwa na maisha yake, ni yeye tu kaziweka pamoja siku ile studio.

Na kaziweka vizuri lazima nikiri, siyo bahati. Tarbolton iko kwenye ufunguo wa E yenye sauti ya huzuni huzuni hivi, halafu Longford Collector inafunguka kwenye G, unasikia kabisa kama chumba kimeingia mwanga, kisha Sailor's Bonnet inapanda D ambayo kwenye fidla inalia kwa nguvu sana kwa sababu nyuzi zilizo wazi, zile zisizobanwa na vidole, zinaitikia. Yaani kila ukihama unaongezewa moto. Wapo waliojaribu kupanga vingine, wakaweka Sailor's Bonnet mbele, ukisikia unahisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hapo sijui kama masikio ndo yanasema ukweli au ni mazoea ya miaka tisini.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii, nalo ni santuri yenyewe. Zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, za inchi 10, upande mmoja ulikuwa unabeba dakika tatu hivi basi. Rili ukiipiga mara moja yote na marudio yake inakula kama nusu dakika na ushee. Fanya hesabu, upande mmoja unaingiza rili mara tano sita. Ukipiga rili moja tu mara sita mtu aliyekaa nyumbani kwake anasikiliza, hachezi, atachoka. Kwenye dansi hiyo siyo shida, mchezaji anataka mapigo tu, hata ukirudia wimbo mmoja robo saa yeye hana habari. Kwa hiyo santuri ikasukuma wapigaji waunganishe mbili, tatu, ili msikilizaji asisinzie. Kuunganisha kulikuwepo kabla, sibishi, ila dakika tatu ndo zilizoamua unaunganisha ngapi na unakaa kwenye kila moja muda gani. Mi naona hapo ndo siri ilipo, kuliko hata ufundi wa Coleman, ingawa najua kuna watu watanirushia mawe kwa kusema hivyo.

Swali: Samahani kwa kuuliza kitu cha chekechea. Rili ni nini? Na jigi je?

Usiombe samahani, nusu ya wanaopiga makofi kwenye baa za kule hawajui pia. Rili ni muziki wa dansi wa mapigo manne, nota zinakimbia nne nne, mbio mbio, bila kukatika. Kawaida ina sehemu mbili, kila moja mizani 8 (yaani vipande vidogo vya mapigo), unaipiga kila sehemu mara mbili ndo unatimiza mizani 32, unarudi mwanzo. Jigi nota zake zinaenda tatu tatu, inaruka ruka. Ukitaka kutofautisha haraka gonga mguu, kama vidole vyako vinataka kuhesabu nne ni rili, kama vinataka tatu ni jigi. Kuna na hompaipu, ambayo ina nne kama rili ila inaenda taratibu na inachechemea kidogo. Basi, inatosha.

Swali: Kaka yangu ananibishia eti Tarbolton siyo ya Ayalandi kabisa, ni ya Uskoti. Nani mshindi?

Kaka yako, pole. Tarbolton ni kijiji kule Ayrshire, kusini magharibi mwa Uskoti, na Waskoti wenyewe wimbo wanauita Tarbolton Lodge, yaani jumba la mkutano la Wamasoni (wale Freemason) wa pale. Ni kijiji hichohicho ambacho Robert Burns, yule mshairi wao mkubwa, alianzisha klabu ya midahalo na vijana wenzake mwaka 1780, na mwaka uliofuata akaingia Umasoni palepale. Wimbo haumhusu Burns lakini, watu wanapenda kuchanganya.

Ila usimwachie kaka yako atambe sana, kwa sababu ukianza kuzitoa rili zote zenye asili ya Uskoti kwenye muziki wa Ayalandi utabaki na mikono mitupu. Rili kama mtindo wenyewe ulivuka bahari kutoka Uskoti kwenda Ayalandi mwishoni mwa karne ya 18. Miss McLeod's Reel, ambayo kila mtoto wa Ayalandi anayejifunza fidla anaipitia, ilichapishwa na familia ya wanamuziki ya Gow kule Edinburgh mwaka 1809, na jina lake kamili linamtaja mwanamke wa kisiwa cha Raasay. Halafu hiyohiyo ikavuka tena Atlantiki ikageuka nyimbo za milimani za Marekani kwa majina mengine kabisa. Kwa hiyo Tarbolton imezaliwa Uskoti, imelelewa Ayalandi, imepata umaarufu New York. Kaka yako kashinda ya kuzaliwa, wewe chukua hizo mbili zilizobaki.

Swali: Kabla ya huyo Coleman hakukuwa na rekodi za muziki huu? Nani alikuwa wa kwanza?

Zilikuwepo na habari zake ni tamu kweli. Kuna mzee mmoja anaitwa Patsy Touhey, mpiga zumari ya mfuko ya kwao, ile ambayo mtu hapulizi kwa mdomo bali anakamua hewa kwa kiwiko. Alizaliwa Galway akakulia Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikuwa anarekodi mwenyewe nyumbani kwenye yale makopo ya nta ya Edison ya kurekodia sauti, anatangaza, unaagiza kwa posta, anakupigia nyimbo ulizochagua. Kila kopo alilipiga upya moja moja! Hakuna cha kudurufu. Leo tungemuita msanii anayejitegemea na tungemfanyia mahojiano kila wiki.

Halafu kuna John Kimmel wa Brooklyn, ambaye wazazi wake walikuwa Wajerumani, hana damu ya Ayalandi hata tone, lakini alirekodi rili na jigi kwa akodioni miaka hiyohiyo ya mwanzo na mpaka leo wapiga akodioni wanamsikiliza wanakuna vichwa, vidole vilikuwa vinakwenda wapi kwa kasi ile.

Ila aliyefungua mlango hasa alikuwa mwenye duka, siyo mpigaji. Ellen O'Byrne DeWitt, mama wa Kiayalandi mwenye duka New York, wateja wake wahamiaji walikuwa wanaulizia santuri za muziki wa kwao, hazipo. Akaenda kampuni ya santuri ya Columbia akawaambia nirekodieni, wao wakasita, akasema santuri 500 nanunua mimi. Mwanawe akatumwa kutafuta wapigaji, akawakuta Herborn wa akodioni na Wheeler wa banjo. Mwaka 1916 wakarekodi The Stack of Barley. Zile 500 zikaisha! Hapo kampuni zikashtuka kwamba kumbe hawa wahamiaji wana hela na wana hamu ya nyumbani, na hamu ya nyumbani inauzika. Ndo wakaanza kuwatafuta kina Coleman, na James Morrison, na Paddy Killoran, wote watatu watu wa Sligo, hebu fikiria, kaunti moja ndogo vile.

Ukisoma haya usisahau na Mdororo Mkuu, ule mporomoko wa uchumi. Baada ya 1929 biashara ya santuri ilianguka vibaya, mtu hana mkate atanunua santuri ya fidla? Decca ya Marekani ilianzishwa 1934 ikaja na ujanja wa bei, santuri senti 35 wakati wengine wengi walikuwa wanauza senti 75. Na mwaka huohuo ndo Coleman akawarekodia Tarbolton. Kwa hiyo siyo tu kwamba ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri na rahisi kununua.

Swali: Ile piano inayosikika nyuma ya fidla kwenye santuri hizo, ni mimi tu au inapiga kitu kingine?

Siyo wewe tu. Wapiga piano wengi walioletwa studio enzi zile ama hawakuujua muziki ama walipewa dakika mbili za kujiandaa, matokeo yake mkono wa kushoto uko kwenye ufunguo wake, fidla iko kwenye ufunguo wake. Kuna santuri ambazo fidla inahama kwenda rili ya pili na piano inabaki rili ya kwanza kwa muda, ndo inashtuka inakimbia kuifuata. Wapenzi wa muziki huu wamezoea kuiziba piano kwa masikio yao. Kwa bahati mbaya ndo hivyo, imeandikwa kwenye mfereji mmoja wa santuri pamoja na fidla, huwezi kuitoa.

Swali: Wanasema Coleman aliuokoa muziki wa Ayalandi. Mwalimu wangu wa muziki anasema aliuua. Wewe unasemaje?

Mwalimu wako ana hoja, ngoja niieleze halafu nimpinge kidogo.

Zamani muziki huu ulikuwa wa bonde kwa bonde. Donegal kule kaskazini walikuwa wanapiga upinde mfupi mfupi, nota moja upinde mmoja, wakali, na walikuwa na Uskoti mwingi ndani yake kwa sababu watu wao walikuwa wanakwenda kule kufanya vibarua vya mashamba kila msimu wanarudi na nyimbo. Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork, wao ni polka na slaidi (aina ya jigi) zaidi, rili kwao siyo mfalme. Mashariki mwa Clare wanapiga polepole, kwa upweke fulani ambao mi binafsi naupenda kuliko vyote. Sligo ndo wenye kasi na madoido mengi, upinde unateleza, vidole vinazungusha nota.

Basi fikiria uko kijijini Clare mwaka 1935, ndugu yako aliye Marekani kakutumia gramafoni na santuri ndani ya kifurushi. Unaweka sindano, unasikia Coleman. Babu yako anapiga fidla pembeni ya moto miaka yote, unampenda, lakini huyu wa kwenye santuri anatoka New York, anauzwa, anapiga vitu ambavyo babu hawezi. Vijana wengi wakaamua palepale. Wakakaa na santuri wakirudisha sindano mpaka mfereji ukalika, wakajifunza nota kwa nota, hata yale madoido ambayo Coleman pengine aliyapiga mara moja tu kwa sababu siku ile alijisikia hivyo. Wapo wazee walioweka fidla juu ya kabati wakaona aibu kuishusha tena. Hiyo ni hasara, na mwalimu wako hajakosea.

Lakini kuua? Hapana. Kumbuka enzi zile muziki wenyewe ulikuwa unadharauliwa kwao, unaonekana wa maskini na washamba, na mwaka 1935 hukohuko Ayalandi ikapita sheria ya kumbi za dansi iliyotaka leseni, na dansi za jikoni majumbani zikabanwa ingawa ndiko muziki ulikokuwa unaishi. Katikati ya hayo santuri kutoka ng'ambo inakuja inakwambia kitu chako kina thamani, watu wanakilipia. Donegal bado wanapiga kama Donegal, nenda kasikilize rekodi za John Doherty, mpiga fidla wa kule. Sliabh Luachra alikuwepo Padraig O'Keeffe anatembea nyumba kwa nyumba akifundisha kwa mtindo wao. Walibaki. Coleman mwenyewe maskini hakurudi kuishi kwao, alifia New York Januari 1945 akiwa na miaka 53, amezikwa Bronx, na umaarufu wake mkubwa Ayalandi ulikuwa unakua wakati yeye hayupo kuufaidi. Leo pale Gurteen, karibu na alikozaliwa, kuna kituo cha muziki chenye jina lake.

Kinachonikera mimi ni kingine. Ni wale wanaoichukua ile santuri ya 1934 kama msahafu. Mpigaji akibadilisha nota mbili wanamkodolea macho. Mtu aliyekuwa anabadilisha wimbo kila akiupiga, unamheshimu kwa kuugandisha?

Swali: Kwani Tarbolton ndo rili maarufu kuliko zote?

Hapana, na inategemea unampima nani. Ukienda kwa wanaoanza kujifunza utasikia Drowsy Maggie, The Wind That Shakes the Barley, Cooley's, The Silver Spear, hizo ndo za kila mtu, ziko rahisi kushikika na mgeni anazijua. Drowsy Maggie ilipata nguvu zaidi baada ya bendi ya The Chieftains kuiweka kwenye albamu yao ya nne mwaka 1973. Cooley's inabeba jina la Joe Cooley, mpiga akodioni wa Peterswell kule Galway aliyefariki 1973, na watu wanaipenda kwa sababu yake kama wanavyoipenda kwa sababu ya wimbo wenyewe.

Tarbolton iko daraja lingine. Siyo ya kumfurahisha mtalii, ni ya wapigaji kati yao, ukiianzisha unatangaza kwamba umesoma. Toka Comhaltas, chama cha muziki wa asili wa Ayalandi, ianzishwe 1951 na tamasha lake la kwanza kufanyika Mullingar mwaka huohuo, vizazi vimepita kwenye mashindano na vikao vya pembeni, na huo mfululizo wa Coleman umekuwa kitu ambacho watu wawili wasiojuana, hata lugha hawaelewani, wanaweza kukaa wakaupiga mwanzo mwisho. Mwaka 1966 wapigaji watatu, Andy McGann wa New York ambaye alimfahamu Coleman utotoni, Joe Burke na Felix Dolan, walitoa albamu nzima ya kumkumbuka. Bendi za miaka ya 70 kama The Bothy Band zikaja na magitaa na busuki (chombo cha nyuzi chenye asili ya Ugiriki) na mpangilio mpya kabisa, nyimbo zikapata vijana wengine, lakini Kevin Burke, mmoja wa wapiga fidla wao, ukimuuliza alitokea wapi, ukifuata nyuma nyuma unafika Sligo.

Swali: Nataka kuweka Tarbolton ya Coleman kwenye video yangu. Nitakamatwa?

Wimbo wenyewe hauna mwenyewe, ni wa asili, piga uwezavyo. Shida ni rekodi. Ulaya ile ya 1934 iko huru muda mrefu. Marekani hapana, sheria waliyopitisha 2018 inazipa rekodi za miaka ya 1923 mpaka 1946 miaka 100 tangu zitolewe, kwa hiyo hiyo itakuwa huru Januari 2035. Santuri zake za 1921 na 1922 ziko huru tayari tangu Januari 2022, tumia hizo kama unaogopa. Na angalia usichukue ya bendi ya juzi ukadhani ni ya asili kwa sababu wimbo ni wa asili, rekodi yao na mpangilio wao ni mali yao.

Kama unataka kumsikia Coleman vizuri kuna toleo la mwaka 1992 lililokusanya santuri zake zikasafishwa, lina na kitabu cha Harry Bradshaw ndani. Sikiliza kwa hedifoni. Piano utaisikia pia, nimeshakuonya.